Goma: Mafuta ya nywele yanasifiwa kwa kazi ambayo hayakufanya

Pembeni ya soko la Virunga, muuzaji anasimama na kipaza sauti kidogo na picha mbili zilizofunikwa kwa plastiki. Katika picha ya kwanza mama ana nywele chache, ngozi ya kichwa inaonekana. Katika picha ya pili mama huyohuyo, au ndivyo inavyosemwa, ana nywele nyingi nyeusi. Chupa ni dola 5, na asiyekuwa nazo zote anaruhusiwa kulipa mara mbili. Wanaosimama kusikiliza si wenye maduka ya Birere. Wengi ni wamama waliotoka Rutshuru na Masisi, waliopitia Kanyaruchinya, Bulengo au Rusayo na watoto mgongoni, na ambao leo wanalala chumba kimoja na familia iliyowapokea.

Hakuna sababu ya kuwacheka. Mwanamke aliyepoteza shamba, mbuzi na nyumba, akijitazama kwenye kioo na kuona kichwa kinabaki wazi, ana haki ya kutaka angalau kitu kimoja kirudi. Shida iko kwa anayemuuzia. Na shida kubwa zaidi iko kwenye redio zinazopokea pesa ya tangazo la chupa hiyo na kulipitisha kati ya habari za usalama na matangazo ya vifo, kwa sauti ileile ambayo watu wanaiamini wanapotaka kujua barabara gani inapitika.

Dawa ya nywele ni ngumu kuipima kwa sababu nywele zina kalenda yao. Kichwa cha mtu mzima kina nywele karibu 100 000, na kila siku kati ya 50 na 100 zinaanguka bila ugonjwa wowote. Nyingi ziko katika kukua. Chache zimepumzika, zinangoja kuanguka. Mwili ukipata mshituko mkubwa, kama homa kali, kuzaa, njaa, upasuaji, msiba au kukimbia usiku chini ya risasi, nywele nyingi zinaacha kukua kwa pamoja na kuingia katika mapumziko. Lakini hazianguki siku hiyo. Zinaanguka miezi 2 au 3 baadaye. Ndiyo maana mama aliyekimbia mwezi wa kwanza anaona kitana kimejaa nywele mwezi wa nne, wakati tayari amepata mahali pa kulala, na hawezi kuunganisha mambo hayo mawili. Yeye anasema ni maji ya Goma. Jirani anasema ni mtu amemroga.

Kuanguka kwa namna hiyo, kama sababu imepita na chakula kimerudi, kunasimama kwenyewe, mara nyingi ndani ya miezi 6. Hapo ndipo muuzaji anapata faida yake. Mama ananunua chupa ya kwanza mwezi wa nne, wakati woga umefika juu kabisa. Mwezi wa tano ananunua ya pili. Mwezi wa saba nywele fupi zinaanza kuota kwenye paji, na chupa inapewa shukrani zote. Angepakaa mawese, au asingepakaa kitu, zingeota vilevile. Na huyo mama akiitwa mbele ya mikrofoni kutoa ushuhuda, hasemi uongo. Nywele zake zimerudi kweli. Ushuhuda wa kweli juu ya dawa isiyofanya kazi ndio bidhaa bora ya muuzaji, kuliko hata mafuta yenyewe.

Kuna wanaojibu kwamba dola 5 haziui mtu, na kama mama amepata furaha, aachwe na furaha yake. Wanaosema hivyo hawajawahi kupanga dola 5 kati ya unga, makaa na kodi ya nyumba. Lakini hata wakisamehewa hilo, bado kuna mtoto aliye mgongoni mwa mama huyo, na chupa imeandikwa kwamba ni ya wakubwa na watoto.

Huku Kivu kila bibi anajua neno bwaki. Nywele za mtoto zinageuka nyekundu au kufifia, zinakuwa nyepesi, zinang’oka kwa kuvutwa kidogo bila mtoto kulia. Miguu inavimba. Uso unajaa kama amenona. Mtoto anakuwa na hasira au anakaa kimya, na chakula anakikataa. Kwa mtoto mwenye nywele ndefu, wakati mwingine unywele mmoja unaonyesha mistari, sehemu nyeusi na sehemu nyekundu, kwa kufuata miezi aliyokula na miezi aliyokosa. Nywele hizo hazina ugonjwa wa nywele. Zinaeleza tumbo lilivyo. Mama anayezipakaa mafuta wiki 3, akingoja zigeuke nyeusi, amepoteza wiki 3 za mtoto ambaye labda hana hata moja ya kupoteza.

Kipimo cha kwanza hakihitaji pesa. Bonyeza kwa kidole gumba juu ya mguu wa mtoto, kwa muda wa kuhesabu pole pole mpaka 3, kisha fanya vilevile mguu wa pili. Kama shimo linabaki pande zote mbili, mtoto apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama uso wake unaonekana mnene. Mareko wa zoni ya afya wanaopita nyumba kwa nyumba wana utepe wa rangi wa kupima mkono wa mtoto wa miezi 6 mpaka 59. Mkono ulio chini ya sentimita 11,5 unaangukia katika nyekundu. Huko ndiko kuna dawa ya nywele hizo: maziwa maalumu kwa aliyelazwa, Plumpy’Nut kwa anayetibiwa akiwa nyumbani, na baadaye uji wa soya, maharagwe na sambaza kila zinapopatikana. Nywele za mtoto aliyepona bwaki zinaota nyeusi tena bila tone la mafuta. Hakuna picha mbili za plastiki zinazoweza kushindana na hizo, ila hakuna anayezipeleka sokoni.

Watoto wa shule wana yao. Duara zenye magamba, nywele zimekatika karibu na ngozi kama zimechomwa, mtoto anajikuna: hiyo ni kuvu, na inapita kutoka kichwa hadi kichwa kwa kitana, kofia na mashine ya kunyolea isiyosafishwa. Katika chumba kimoja wanamolala watoto 7, inazunguka haraka. Mafuta yanafunika magamba kwa siku chache tu. Hata pomada ya kuvu peke yake haitoshi, kwa sababu haifiki ndani ya mzizi wa nywele. Kunahitajika vidonge, kama griseofulvini, vinavyotolewa na muuguzi au daktari kwa uzito wa mtoto, kwa muda wa wiki 6 au zaidi, pamoja na chakula chenye mafuta. Mtoto wa namna hii akifukuzwa darasani, anaadhibiwa kwa kukosa vidonge.

Kwa wasichana na wamama wanaosukwa, hali inageuka kinyume. Hapa wakati hausaidii, wakati unaharibu. Meshi nzito zilizokazwa sana zinavuta mizizi, na nywele zinaanza kurudi nyuma pembeni ya paji na juu ya masikio. Msuko unaomnyima mtu usingizi usiku wa kwanza, au unaoleta vipele kwenye mstari wa nywele, tayari umekazwa kupita kiasi, na msusi anayejibu kwamba urembo ni maumivu anastahili kupoteza mteja. Ukifunguliwa mapema, nywele zinarudi. Ukiachwa miaka, ngozi inakuwa laini na kung’aa, mizizi imekufa, na hapo hakuna mafuta, ya dola 5 wala ya dola 50. Vilevile upara unaoanzia katikati ya kichwa cha mwanamke na kupanuka kama duara, pamoja na kuwasha au kuungua, unataka daktari wa ngozi mapema: matibabu yanaweza kuusimamisha, lakini pale palipokwisha kuwa kovu hapaoti tena. Na nywele zinazotoka vipande vipande, kama kitambaa kilicholiwa na nondo, zinaweza kuwa kaswende. Hiyo inaonekana kwa kipimo cha damu na inapona kwa sindano ya penisilini. Ni jambo la kusemwa bila haya, hasa katika jimbo ambamo wanawake wengi wamefanyiwa jeuri.

Wenye pesa nao wanadanganywa, ila wao wanadanganywa kwa ndege. Wafanyabiashara wa Goma na Butembo wanaoenda Istanbul kufuata mzigo wanakutana huko na matangazo ya kupandikiza nywele, na mmoja mmoja anarudi amevaa kofia hata ndani ya nyumba. Kazi yenyewe si uongo. Daktari Mjapani Shoji Okuda aliiandika tangu 1939, na Norman Orentreich akaifanya New York kwa wanaume wenye upara katika miaka ya 1950. Mizizi inatolewa nyuma ya kichwa, ambako upara wa kiume haufiki, na kupandwa mbele. Hakuna unywele mpya unaotengenezwa. Ni kuhamisha tu, kama mtu anayetoa miche ya shamba moja kuipanda shamba lingine. Daktari mwenye haraka akivuna mno nyuma, mteja anabaki na mbele kumejaa na nyuma kumetoboka, na mbegu imekwisha.

Matokeo yake yanapimwaje? Si kwa picha ya siku ya 10. Nywele zilizopandwa, nyingi zinaanguka ndani ya wiki 2 mpaka 8, na hapo mtu anachekwa mtaani kwamba ameliwa pesa, wakati hilo ni la kawaida. Zinaanza kuota tena mwezi wa 3 au wa 4. Hukumu ya haki inatolewa baada ya miezi 12, wakati mwingine zaidi. Kwa nywele za Mwafrika kuna jambo la ziada ambalo vijitabu vya matangazo vinalipita haraka: mzizi umepinda hata chini ya ngozi, na mkono usiouzoea unaukata wakati wa kuutoa. Na mtu ambaye kidonda chake kinaelekea kuota kovu nene lililoinuka, aseme mapema, kabla ya kulipa. Anayetaka kuamini picha aombe ya mwaka mzima, iliyopigwa kwenye mwanga uleule, kwa pembe ileile, nywele zikiwa na urefu uleule, na ya nyuma ya kichwa pia. Na aulize jina la yule ambaye mkono wake utakata, kwa sababu mara nyingine daktari wa kwenye bango si yule atakayeshika kisu.

Masharti hayohayo ya picha yanafaa kwa chupa ya Virunga. Mama wa picha ya pili amesimama juani, amechana nywele, ametabasamu. Wa picha ya kwanza amepigwa kivulini, kichwa kimeinama, nywele zimelowa. Hata bila dawa yoyote, mwanga peke yake unaotesha nywele.

Dawa zenye uthibitisho zipo, na ni chache. Minoksidili ilianza kama kidonge cha presha ya damu. Waliokinywa wakaota nywele, na mwaka 1988 ikakubaliwa Marekani kama dawa ya kupakaa kichwani kwa upara wa kiume. Inasaidia baadhi ya watu, inataka angalau miezi 4 kabla ya kuonyesha kitu, na mwanzoni inaweza hata kuangusha nywele. Mtu akiiacha, faida yote inaondoka. Kwa hiyo asiye na uhakika wa kuinunua kila mwezi afadhali asianze, na mama mjamzito au anayenyonyesha asiiguse. Finasteridi ni kidonge cha wanaume. Mwanamke anayeweza kushika mimba asikinywe, kwa sababu kinaweza kumharibu mtoto wa kiume tumboni. Hizo zinauliziwa kwa daktari na farmasi inayojulikana, si kwa mtu ambaye kesho atakuwa amehamia soko lingine.

Wakurugenzi wa redio wana jibu lao, na lina uzito: mafuta ya jenereta hayalipwi kwa sifa, na matangazo ndiyo yanayoweka mikrofoni hewani. Ni kweli. Lakini redio inayokataa kusoma uvumi wa vita bila kuuhakikisha inaweza pia kumwuliza muuzaji maswali kabla ya kuchukua pesa yake: ndani ya chupa kuna nini, inatibu kuanguka kwa nywele kwa namna gani, na wale ambao hazikuota wako wapi, kwani hakuna hata mmoja wao aliyewahi kualikwa studio. Kama anashindwa kujibu, tangazo lisipite. Kama anajibu, basi afuatiwe na muuguzi wa zoni ya afya kwa dakika 2, aeleze bwaki, kuvu na kidole gumba juu ya mguu wa mtoto. Dakika 2 hazifungi redio yoyote.

Kwa sasa tangazo linaendelea kupita, asubuhi mara moja na jioni mara mbili, kabla tu ya habari.