Barabara ni Yetu Sote

Mwezi wa Septemba katika nchi yetu ya Songwe ni mwezi mzuri wa kupanda baisikeli. Baridi kali ya Juni na Julai imekwisha pita, na mvua bado haijaja. Miti ya miombo huvaa majani mapya, mekundu kama shaba, kabla tone moja la mvua halijaanguka. Vumbi ni jingi, lakini njia ni kavu, na mtu aweza kutoka kijijini kwake akafika Mlowo au Vwawa bila kuzama topeni. Basi siku hizo baisikeli huonekana kila mahali. Huyu amefunga gunia la mahindi nyuma, yule ampeleka mgonjwa zahanati, na watoto wa shule wawili wamepanda moja, wakicheka.

Lakini njia nyingi za vijiji vyetu mwisho wake ni barabara kuu, na katika barabara kuu hatuko peke yetu. Barabara ile yatoka Dar es Salaam, yapita Mbeya, Mlowo na Vwawa, na hapo Tunduma yaingia Zambia. Mwaka 1965 walowezi wa Rhodesia walipojitangazia utawala wao wenyewe, Zambia, nchi isiyo na pwani, ilihitaji njia nyingine ya kufika baharini. Ndipo barabara hii ilipotiwa lami, na reli ya TAZARA ikafuata, iliyojengwa tangu mwaka 1970 mpaka 1975. Hata leo shaba ya Zambia na ya Kongo hupita mbele ya milango yetu kwenda bandarini, na mafuta na bidhaa nyingine huja kwa njia hiyo hiyo. Lori kubwa pamoja na shehena yake laruhusiwa kufikia uzito wa tani 56. Baisikeli na mtoto aliyeipanda hazifiki hata kilo mia. Je! wawili hawa wawezaje kutumia njia moja?

Mzee mmoja ninayemheshimu alinijia shuleni kwa ajili ya jambo hili. Baada ya kuamkiana akasema, "Mwalimu, wakataze watoto kupanda baisikeli katika lami. Wahenga walisema, Mwenye nguvu mpishe."

Nikamjibu, "Mzee wangu, mjukuu wako hutembea saa mbili kuja shuleni. Kwa baisikeli hazidi dakika 45. Tukimnyima baisikeli, tutamnyima na shule pia."

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Afadhali achelewe, kuliko asifike kabisa."

Maneno yake yalinichoma, kwa maana hayakuwa maneno ya kipumbavu. Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba mwaka 2021 watu yapata milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani ulimwenguni, na kwamba hakuna kitu kinachowaua watoto na vijana wa miaka 5 mpaka 29 kuliko ajali hizo. Walakini nimefikiri sana, na bado sikubali kwamba dawa yake ni kumwondoa mwenye baisikeli barabarani. Nitawaelezeni sababu zangu, nanyi mzipime wenyewe.

Kwanza, baisikeli si mgeni barabarani. Mjerumani Karl von Drais alitengeneza chombo cha magurudumu mawili mwaka 1817, kikiendeshwa kwa kusukuma ardhi kwa miguu. Mwaka 1885 Mwingereza John Kemp Starley alitengeneza baisikeli yenye mnyororo, inayofanana na zetu za leo. Motokaa ya Karl Benz ilifuata mwaka 1886. Tena tairi la kujazwa upepo, alilotengeneza John Boyd Dunlop mwaka 1888, lilikuwa kwanza tairi la baisikeli; motokaa ililipata baadaye. Basi baisikeli ni kama kaka wa motokaa. Haifai mdogo mtu, kwa kuwa amepata nguvu, amsukume kaka yake mtaroni.

Pili, mithali ile ya mwenye nguvu haimpi mwenye nguvu ruhusa ya kuumiza. Yamwonya mnyonge ajihadhari. Haisemi kwamba njia ni mali ya mwenye nguvu. Nadhani mwenye chombo kizito ndiye mwenye wajibu mzito. Fanyeni hesabu pamoja nami. Gari liendalo kilometa 50 kwa saa hupita karibu meta 14 kwa kila sekunde. Likienda kilometa 80, hupita meta 22. Hizo ni meta zinazopita kabla mguu wa dereva haujakanyaga breki, na baada ya kukanyaga gari bado halisimami mara moja. Tena mwendo ukizidi mara mbili, nguvu ya kugonga huzidi mara nne. Kwa sababu hii sheria yetu huagiza mwendo usiozidi kilometa 50 kwa saa mahali penye makazi ya watu. Dereva apunguzaye mwendo huchelewa dakika chache. Asiyepunguza aweza kuchukua uhai wa mtu, na uhai haurudishwi.

Wako watu wasemao, "Ajali haina kinga," kisha huendelea na safari yao kana kwamba shauri limekwisha. Mimi nasema ajali nyingi zina kinga, ila sisi tumeiacha nyumbani. Nalijua hili kwa kosa langu mwenyewe.

Jioni moja ya mwezi wa Oktoba nilikuwa nikirudi nyumbani kwa baisikeli, nimefunga madaftari ya wanafunzi nyuma. Jua lilikuwa limekwisha tua, nami sikuwa na taa. Lori likanipita karibu sana, na upepo wake ukanitupa mtaroni. Madaftari yakatawanyika majanini. Dereva alisimamisha gari mbele, akaja mbio. Nilikuwa na hasira, nikamwuliza, "Ndugu, mbona hukuniachia nafasi?" Akatazama madaftari, akasema, "Mwalimu, nisamehe. Lakini taa yako iko wapi? Nimekuona ulipokuwa karibu kabisa." Sikuwa na jibu. Tuliokota madaftari pamoja, wawili tuliokosa, naye akanimulikia kwa tochi yake mpaka nikayafunga tena. Kesho yake nilinunua taa.

Basi, ninyi mnaopanda baisikeli, shikeni mambo haya. Pandeni upande wa kushoto, katika mwelekeo mmoja na magari. Aendaye kwa miguu hutembea upande wa kulia, apate kuona yanayomjia. Lakini mwenye baisikeli huenda kwa kasi, na akiyakabili magari hukutana nayo upesi mno. Msiende wawili sambamba kwa ajili ya mazungumzo, mazungumzo yatangoja. Msishike nyuma ya lori kwenye mlima ili liwavute. Msikae karibu na ubavu wa lori linalokata kona, kwa maana hapo dereva hawaoni kabisa. Nanyi msipoiona kioo yake, jueni kwamba naye hawaoni. Breki, kengele na taa zitazamwe kabla ya safari. Na mahali pa kuvuka barabara, shukeni, msimame, mtazame pande zote mbili, kisha mvuke mkiikokota baisikeli.

Na siku moja baadhi yenu mtakuwa madereva, wa motokaa, wa bodaboda, au wa malori hayo hayo. Nawaomba mkumbuke siku hiyo jinsi mlivyotetemeka lori lilipowapita. Mkimkuta mtu wa baisikeli mbele yenu, ngojeni mpaka njia iwe wazi, kisha mpiteni kwa mbali. Msimpigie honi akiwa karibu, kwa kuwa atashtuka na kuyumba. Na wenye kazi ya kujenga barabara nao wanapaswa kukumbuka kwamba si kila msafiri ana injini. Bega la barabara lililo pana na lisilo na mashimo lafaa kuliko maonyo mengi ya walimu.

Yule mzee hakukubaliana nami mara moja. Tulikaa chini ya mti mpaka jua likageuka. Mwisho tulipatana hivi: mjukuu wake atapita njia ya mashambani, katikati ya mibuni, na ataingia lami pale tu ambapo hapana njia nyingine, naye mzee atamnunulia kengele na taa. Mzee alipata sehemu ya aliyoyataka, nami nilipata sehemu yangu. Nadhani hivyo ndivyo na barabara inavyotumiwa: kila mmoja humwachia mwenzake nafasi kidogo, na wote hufika.