Acheni Kupiga Ramli kwenye Nyuso za Wachoraji

Kuna ugonjwa umewapata wanaoandika kuhusu sanaa, na sisi wasomaji wametuambukiza. Mtu akiiona picha ambayo mchoraji wa zama za Renesansi alijichora mwenyewe, dakika mbili tu keshamjua nje ndani: huyu alikuwa na majivuno, yule alikuwa mpweke. Eti macho yanasema. Jamani, hiyo ni ramli, si uhakiki.

Mchukue Albrecht Dürer, picha yake ya mwaka 1500 iliyoko Munich. Anatutazama moja kwa moja, nywele ndefu mabegani, mkono kwenye manyoya ya kola, kwa mkao uliozoeleka katika picha za Yesu. Wanasema: kiburi! Lakini kwao Nuremberg mchoraji alihesabiwa fundi tu. Mwaka 1506, akiwa Venice, alimwandikia rafiki yake Willibald Pirckheimer kwamba kule yeye ni bwana, nyumbani ni mdoezi. Ukilijua hilo, picha inageuka kuwa hoja: mchoraji naye ni mtu wa akili, anastahili heshima. Hata ukiyakodolea macho yale mchana kutwa, hayatakuambia hayo.

Kwa Sofonisba Anguissola mambo ni mabaya zaidi. Mwaka 1554 alijichora amevaa nguo nyeusi, ameshika kitabu kidogo. Wengine wanaona haya, wengine huzuni ya kike. Mbona hawakisomi kitabu? Kimefunguliwa makusudi, na Kilatini chake kinasema Sofonisba Anguissola, mwanamwali, amejichora mwenyewe. Binti wa familia ya kiungwana ya Cremona anatangaza jina lake, heshima yake na kazi ya mkono wake. Ninyi mnamfuta machozi ambayo hakuyatoa!

Sisemi hawakuwa na hisia. Nasema uso ule umetengenezwa, kama sentensi inavyotengenezwa. Tena mtu anayejitazama kwenye kioo huku anachora, lazima uso ukaze. Huenda huo umakini ndio tunaouita majonzi.

Na washairi wetu tunawafanyia vivyo hivyo. Mtu akiandika "mimi" kwenye shairi, tunauliza nani kamwacha. Msanii tukimfanya mgonjwa wa hisia, tunamnyang'anya akili yake, na wanawake ndio wa kwanza kunyang'anywa.

Kwa hiyo kabla hujatafuta roho machoni, hebu soma kwanza kilichoandikwa mkononi.