Umeapdeti? Basi nionyeshe uname -r!

Jamani, leo sina salamu ndefu. Nina ugomvi na neno moja: "tayari". Neno hili mafundi wetu wa kompyuta hapa pwani wanalipenda kuliko mahamri ya asubuhi. Seva imesasishwa? Tayari. Viraka vya usalama vimewekwa? Tayari. Mteja anatia sahihi, fundi analipwa, kila mtu anakwenda zake. Halafu ukiketi mbele ya mashine hiyo hiyo ukaiuliza inaendesha nini, inakujibu keneli ya mwaka juzi!

Nasema hivi, na anayetaka kubisha abishe: fundi akikuletea ripoti ya sasisho la keneli bila jibu la mashine yenyewe baada ya kuwashwa upya, usimlipe. Nitaeleza kwa nini.

Kwanza kwa wale wageni wa mambo haya. Keneli ndiyo kiini cha Linux. Ndiyo inayogawa kumbukumbu, inayozungumza na diski na kadi ya mtandao, na inayoamua nani anaruhusiwa kugusa faili gani. Mashine inapowashwa, programu ndogo iitwayo GRUB huichukua keneli kutoka kwenye diski na kuipakia kwenye kumbukumbu. Ikishaingia humo inakaa mpaka mashine izimwe. Sasa, unapoweka keneli mpya, unachofanya ni kuweka faili kwenye diski, basi. Ile iliyomo kwenye kumbukumbu haina habari. Tanga jipya likiwa limekunjwa ghalani halisukumi dau.

Je, hili ni jambo la kupigia kelele? Ndiyo, kwa sababu keneli ndiyo askari wa mlangoni. Mwaka 2016 lilitangazwa tundu lililoitwa Dirty COW, ambalo lilikuwamo ndani ya keneli tangu toleo la 2.6.22 la mwaka 2007. Linus Torvalds mwenyewe alieleza kuwa aliwahi kujaribu kuliziba miaka 11 kabla, na kiraka kile kikaja kuondolewa. Machi 2022 likaja Dirty Pipe, lililogunduliwa na Max Kellermann wa Ujerumani. Yeye alianzia kwenye malalamiko ya mteja kwamba faili za rekodi zilizobanwa hazifunguki. Angeweza kumjibu "kwetu ziko sawa", akaendelea na chai yake. Badala yake alifuatilia mpaka akafika kwenye keneli, na akakuta kwamba tangu toleo la 5.8 mtumiaji wa kawaida kabisa angeweza kuandika juu ya faili ambayo ameruhusiwa kuisoma tu. Kwa mfano faili ya akaunti za mashine. Yaani ukishapata kijidirisha kidogo, umepata nyumba nzima. Kiraka kilitoka katika matoleo ya 5.10.102, 5.15.25 na 5.16.11. Lakini kiraka kinamsaidia yule tu ambaye mashine yake inakiendesha.

Sasa niwape kisa chenyewe.

Mwanzoni mwa 2023 niliitwa Jomvu Kuu, kwenye ofisi moja ya usafirishaji, upande wa barabara kuu ya Nairobi ambako malori ya kontena hayaishi. Seva yao ilikuwa ya Debian 11. Ndani yake mlikuwa na nakala za vitambulisho na leseni za madereva, namba za simu za mataniboi, na makaratasi ya mizigo ya wateja. Mteja wao mmoja alileta mkaguzi, na mkaguzi akaandika kwamba keneli ni ya zamani na ina matundu. Kijana anayeitunza seva ile, ambaye alikuwa na miezi michache tu kazini, alikuwa amejaribu kuisasisha akashindwa.

"Wallahi kaka, nimeizima na kuiwasha mara tatu," aliniambia. "Kila nikiiuliza, inaniambia ile ile."

Mwenye ofisi akamkatiza. "Fundi, wewe niambie ukweli. Huyu mtoto anaijua kazi au anakula pesa yangu bure? Aliyekuwapo kabla yake hakuwa na matatizo haya. Kila mwezi aliniandikia kila kitu ni tayari."

Lishikeni neno hilo, tutalirudia.

Niliuliza mashine:

uname -r

Ikajibu 5.10.0-8-amd64. Hiyo ndiyo keneli ambayo Debian 11 ilitoka nayo Agosti 2021! Nikauliza orodha ya vifurushi:

dpkg -l 'linux-image*'

Ikaonyesha 5.10.0-21-amd64, imewekwa, haina kasoro. Nikaendesha update-grub. Ikasema imeiona keneli ya 21, na mwisho ikaandika kwamba imemaliza. Hakuna kosa hata moja. Hapa ndipo mafundi wengi huanza kuilaani GRUB, na wengine huchukua flashi na kuweka Debian upya, eti ndiyo dawa. Ngoja kwanza. Mashine imeshasema kila kitu, ila hujaiuliza swali sahihi:

cat /proc/cmdline

Jibu lilianza hivi: BOOT_IMAGE=/vmlinuz-5.10.0-8-amd64. Tazameni mkwaju ule. Kama keneli ingetoka kwenye folda ya /boot iliyomo ndani ya diski kuu, njia ingesomeka /boot/vmlinuz. Njia fupi namna ile maana yake GRUB inasoma kwenye kipande kingine cha diski, patisheni inayojitegemea. Basi nikauliza kama patisheni hiyo imepachikwa:

findmnt /boot

Kimya. Amri ya lsblk ikanionyesha sda1, patisheni ndogo ya MB 500 ambayo haijapachikwa popote. Nikafungua /etc/fstab, na pale kwenye mstari wa /boot mtu alikuwa ameweka alama ya # mbele. Mstari ukiwa na alama ile mashine inauruka. Nikaipachika sda1 kwenye /mnt nichungulie. Mlikuwa na keneli ya 8 peke yake, na menyu yake ya zamani.

Mmeona? Kulikuwa na /boot mbili. Moja ni folda tu ndani ya diski kuu, na humo ndimo Debian ilimokuwa ikiweka kila keneli mpya na kila menyu mpya, kwa uaminifu kabisa. Nyingine ni patisheni halisi, ambayo GRUB huisoma kila mashine inapoamka, na ambayo hakuna aliyeigusa. Hata ungewasha upya mara mia, ungepata keneli ya 8.

Dawa ilichukua robo saa. Ondoa # kwenye fstab. Kisha:

mount /boot
df -h /boot
apt install --reinstall linux-image-5.10.0-21-amd64
update-grub
reboot

Ile ya zamani tuliiacha kwenye menyu kama akiba, na takataka zilizobaki chini ya folda tulizifuta baadaye. Mashine ilipoamka, uname -r ikasema 21. Kijana akashusha pumzi.

Turudi kwenye neno "tayari". Ndani ya sda1 hamkuwa na keneli yoyote baada ya ile ya kwanza. Maana yake alama ile ya # iliwekwa kabla ya sasisho la kwanza kabisa, na tangu hapo hakuna kiraka cha keneli hata kimoja kilichowahi kufanya kazi kwenye seva ile. Dirty Pipe ilitangazwa Machi 2022. Karibu mwaka mzima mlango ulikuwa wazi, na kila mwezi fundi wa kandarasi alileta karatasi yenye safu ya keneli, na kwenye safu imeandikwa "tayari". Huyo alilipwa na akasifiwa. Na kijana wa kwanza kuiuliza mashine, akasema kwa mdomo wake "haijakubali", ndiye aliyekuwa anatafutiwa barua ya kufukuzwa kazi!

Hilo ndilo linaloniudhi. Tumejenga desturi ambamo anayeandika "tayari" ni fundi mzuri na anayeleta habari mbaya ni mjinga. Wenye ofisi mna lawama hapa. Mnanunua utulivu, na utulivu ndio mnaouziwa.

Alama ya # ni sababu moja tu. Nimekutana na nyingine, na ninyi mtakutana nazo:

1. Mashine haijawashwa upya kabisa. Kwenye Ubuntu tazama kama kuna faili /var/run/reboot-required.

2. Patisheni ya /boot imejaa keneli za zamani, mpya ikaingia nusu. Amri ya df -h /boot itakwambia.

3. GRUB imefungwa kwenye chaguo moja. Tazama GRUB_DEFAULT ndani ya /etc/default/grub. Kwa watu wa Red Hat na ndugu zake, grubby --default-kernel.

4. Kifurushi cha keneli kimezuiwa. Amri ni apt-mark showhold.

5. Diski ni mbili, na GRUB inaamka kutoka ile ambayo huitazami.

6. Seva ni ya kukodi, na keneli si yako. Kwenye OpenVZ, kwa mfano, wapangaji wote wanatumia keneli ya mwenye nyumba. Hata uweke vifurushi mpaka uchoke, hutabadilisha kitu.

Sababu zote hizi sita hugunduliwa kwa kuanza na swali moja lile lile: unaendesha nini sasa hivi? Na kwenye Debian ongeza uname -v, kwa sababu wakati mwingine kiraka huja na jina la keneli lisibadilike. Toleo kamili utalikuta huko.

Najua majibu nitakayopewa, kwa sababu nimeshapewa yote.

La kwanza: "Linux haina haja ya kuzimwa, seva yangu ina siku 900 iko macho." Ndugu yangu, siku 900 za kuwa macho ni siku 900 bila keneli mpya. Unajisifia deni. Ni kweli kwamba tangu toleo la 4.0 la mwaka 2015 keneli ina njia ya kupokea viraka ikiwa inatembea, na penye kazi isiyoweza kusimama ni jambo zuri. Lakini njia ile huziba baadhi ya matundu. Haikuondolei wajibu wa kuja kuwasha upya, na ni wangapi kati yenu waliokwisha kuiweka?

La pili: "Seva yetu iko ndani ya ofisi, mgeni hawezi kuingia." Mdukuzi haji na ufunguo wa ofisi. Anaingia kupitia ile programu ya wavuti ya kufuatilia malori, iliyoandikwa harakaharaka, na anapata akaunti dhaifu isiyo na mamlaka. Kwa keneli yenye kiraka anakwama pale. Kwa keneli ya zamani anapanda mpaka juu.

La tatu ndilo lenye uzito, nalo ni hofu: "Tukiizima, huenda isiamke." Naielewa. Lakini jamani, tunakaa pwani hii hii. Stima ikikatika usiku na betri ikaishiwa, seva yako itawashwa upya utake usitake. Tofauti ni kwamba utakuwa umelala, hakuna bakapu ya jana, na kama kuna mtu alifuta kwa mkono moduli za keneli ya zamani akidhani haitumiki, mashine inaweza kuamka bila kadi ya mtandao. Ni heri uizime mwenyewe, Jumamosi asubuhi, bakapu iko mkononi na fundi yuko mbele ya skrini. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Na tusisahau ni mali ya nani iliyomo humo. Dereva wa lori wa Jomvu hajui keneli ni nini, wala hapaswi kujua. Ameacha kitambulisho chake ofisini kwa sababu asingepata kazi bila kukiacha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inamtaka anayehifadhi taarifa zake azilinde ipasavyo, na zikivuja kwa namna ya kumhatarisha, Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72. Siku hiyo utamwonyesha Kamishna ile karatasi yenye "tayari"?

Basi, wenye ofisi, nawaomba mambo matatu. Ripoti ya sasisho iwe na jibu la uname -r na uname -v, pamoja na tarehe na saa, baada ya kuwashwa upya. Wekeni saa maalumu kila mwezi ya kuzima na kuwasha, iandikwe kwenye mkataba. Na fundi akija kuwaambia "imekataa", mpeni kiti na maji ya kunywa, kwa sababu huyo ndiye anayeitazama mashine yenu.

Nanyi mafundi wenzangu, kazi ya usiku wa leo ni amri tatu: uname -r, cat /proc/cmdline, findmnt /boot. Kama patisheni ya /boot ipo kwenye lsblk na findmnt iko kimya, mnajua la kufanya. Mkikuta maajabu, niandikieni. Na anayetetea "tayari" bila ushahidi naye aniandikie, nina hamu ya kumsoma.