Magoti Yaliyokazwa, Hoja Zilizolegea

Watetezi wa uttanasana, mkao wa yoga wa kuinama mbele ukiwa umesimama, ya magoti yaliyokazwa mmeshawasikia: simama wima, kaza magoti, inama mpaka viganja vitue sakafuni na paji la uso liguse miundi. Anayekunja goti anajidanganya. Nimezipitia hoja zao moja moja nikitafuta iliyo nzito. Zipimeni wenyewe.

Hoja mama ni kwamba mkao sahihi una mambo matatu kwa pamoja: magoti yamenyooka, mgongo umenyooka, viganja viko chini. Tuanze na mwili. Misuli ya nyuma ya paja huanzia kwenye mifupa ya kukalia, ikavuka goti na kujishikiza chini yake. Goti likinyooka, misuli hiyo huvutika. Ikifikia kikomo, hulizuia fupanyonga lisiendelee kuinamia mbele. Mtu wa kawaida akilala chali na kuinua mguu ulionyooka, hugota mahali fulani kati ya digrii 70 na 90. Sasa pigeni hesabu. Digrii 90 ni kiwiliwili kilicholala sambamba na sakafu. Viganja bado vinaelea hewani, na paji la uso halijaikaribia miundi. Masafa yaliyobaki yatatoka wapi? Kiunoni, kwa pingili kujikunja. Kwa hiyo anayedai yote matatu kwa mwili wa kawaida anapata mawili, na la tatu analisingizia. Ajabu ni kwamba mwalimu huyohuyo husema “mgongo unyooke”, na kabla hajavuta pumzi anasema “kichwa kwenye magoti”. Achague moja. Kunja magoti kidogo, misuli ya paja inalegea, fupanyonga linapinduka, na mgongo unabaki mrefu. Huo ndio mpangilio wanaoutetea, ila wameufungia mlango wa kuingilia.

Wanajibu kwamba kukunja goti ni ulaghai, na shahidi wao ni mwalimu wa yoga B.K.S. Iyengar. Ni kweli, kitabu chake cha 1966, *Light on Yoga*, kina picha za mkao uliokamilika. Lakini Iyengar huyohuyo, kule Pune, India, ndiye aliyeeneza matumizi ya matofali ya mbao, mikanda na viti ili mwili mgumu upate mpangilio bila kulazimishwa. Shahidi wao, akiulizwa swali la pili, anageuka kuwa wangu.

Kuhusu hoja ya ukale, kwamba mkao huu umerithiwa tangu enzi, nitasema machache. Hatha Pradipika, maandishi ya yoga ya karne ya 15, yanaeleza mikao 15. Wa kuinama ukiwa umekaa umo. Wa kuinama ukiwa umesimama haumo. Hata ungekuwemo, umri wa mkao hauwezi kuwa hoja mbele ya diski ya mgongo.

Ipo hoja ya nyumbani, nayo naipenda kwa sababu inajikata yenyewe: mama zetu huinama kutwa nzima wakipalilia na kufua, na hakuna aliyewafunza. Watazameni vizuri. Wengi wao hukunjikia nyongani, mgongo bapa, magoti yamelegea. Hakuna anayepalilia akiwa amebana paji la uso kwenye muundi.

“Kuning'inia kunapumzisha mgongo.” Nusu ya hoja hii ni kweli. Watafiti Floyd na Silver walionyesha mwaka 1955 kwamba mtu akiinama hadi mwisho, misuli inayosimamisha mgongo hunyamaza. Lakini uzito wa kiwiliwili hautoweki kwa sababu misuli imenyamaza. Unabebwa na kano na diski. Mnaoambiwa mwegemee zaidi, au mnaosukumwa mgongoni na mwalimu, ulizeni nani anabeba.

“Ni salama kwa kila mtu.” Mwaka 1984 watafiti Sinaki na Mikkelsen walifuatilia wanawake waliokoma hedhi wenye mifupa dhaifu ya uti wa mgongo. Kati ya waliofanya mazoezi ya kujikunja mbele, asilimia 89 walipata pingili mpya zilizobonyea au kuvunjika. Kwa waliofanya mazoezi ya kunyoosha mgongo kwa nyuma, asilimia 16. Makundi yalikuwa madogo, nakubali. Lakini mbele ya pengo hilo, neno “kila” haliwezi kusimama. Na utafiti wa mwaka 2015 ulipima mikao minne ya kuinamisha kichwa, uttanasana ikiwemo: shinikizo ndani ya macho lilipanda kwa wenye glakoma na kwa wasio nayo pia.

“Maumivu ni dalili ya kunyooka.” Inategemea ni wapi. Mvuto katikati ya paja ni jambo moja. Uchungu unaochoma pale kwenye mfupa wa kukalia, ukarudi kila ukikaa kitini muda mrefu, ni kano inayolalamika, na kuivuta zaidi ni kuichokoza.

Mwisho wa zoezi husikika agizo ambalo sijawahi kusikia likitetewa: “Kunja magoti, inuka taratibu, ulinde kiuno.” Kiuno hichohicho, dakika moja nyuma, kilishushwa na magoti yamekazwa. Kama goti lililokunjwa linakilinda wakati wa kupanda, watueleze lilikuwa ulaghai vipi wakati wa kushuka.