SHAMBA BILA YA WOSIA NI FITINA

Wananchi wa Ngara na Biharamulo! Mwenye duka hata deni la kibaba cha chumvi hulitia daftarini. Jee, yawaje mtu apande migomba na mibuni umri wake wote, kisha afe bila ya kuacha karatasi moja? Akishazikwa, ukoo hukaa kikao, na mjane aliyelima naye huambiwa: “Rudi kwenu.” Hiyo si mila, ni dhulma!

Na dhulma hiyo iliandikwa. Tangazo la Sheria za Mila la 1963 lilimweka binti daraja la tatu katika urithi, na mjane mwenye watoto likamwachia kutunzwa nao tu. Lakini mwaka 1990, katika kesi ya Holaria Pastory iliyotoka Kagera hii hii, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza alihukumu kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kuuza shamba la ukoo alilorithi. Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ikabatilisha mila imnyimayo mwanamke ardhi.

Basi tusingoje wakubwa waamke. Iteni mashahidi wanne, wawili wa ukoo na wawili wa nje, mtamke wosia. Na bora uandikwe. Hati ya kimila ya shamba iwe na majina mawili, la mume na la mke. Adhaniaye kuandika wosia ni kujiitia mauti, na ajue: mauti hayangoji karatasi. Waingojao ni watoto wake.