Mambo ya Nyumbani: Chai ya Manjano

Zamani misafara ilitoka Bagamoyo na nguo na shanga, ikapumzika Tabora, ikarudi pwani na pembe za ndovu. Wafanya biashara wa Kihindi walifika nao, na mwaka 1912 reli ikafika. Leo manjano, kiungo cha Bara Hindi, si mageni tena sokoni mwetu.

Usiku wa baridi wa Julai, mtu akiwashwa na koo, chemsheni vikombe 2 vya maji. Tieni nusu kijiko kidogo cha manjano yaliyosagwa na kipande cha tangawizi kilichopondwa. Acheni yachemke polepole dakika 10, kisha chujeni. Yakipoa kidogo, tieni kijiko cha asali yetu ya miombo.

Lakini twawaonya: mtoto asiyetimiza mwaka 1 asipewe asali kamwe, maana yaweza kumdhuru vibaya. Tena chai hii hutuliza koo, haiponyi homa ya mapafu. Mtoto akihema mbio, au kifua kikibonyea ndani apumuapo, msingoje birika lichemke. Mpelekeni hospitali usiku huo huo. Kikombe ni cha kumfariji mgonjwa, si cha kumcheleweshea mganga.