Bunduki si Chombo cha Kazi



Katika mkutano wetu wa madereva na wapakizi wa malori yanayobeba mawe ya chokaa kutoka Karamoja, mwanachama mmoja alisimama akauliza: "Mchungaji ana bunduki, mwizi ana bunduki, askari ana bunduki. Kwa nini sisi tunaopita katikati yao twende mikono mitupu? Chama kimwambie tajiri atupe silaha." Watu wakapiga makofi. Sisi viongozi hatukupiga makofi, lakini hatukumcheka pia. Mtu anayeogopa kufa kazini anastahili kujibiwa.

Hofu yake ina sababu. Mwezi wa Machi 2022, wafanyakazi watatu wa Wizara ya Nishati, wataalamu wa miamba, waliuawa wilayani Moroto wakiwa kazini. Waliuawa pamoja na askari wawili waliokuwa wakiwalinda. Tutazame jambo hilo vizuri. Walikuwa na ulinzi wa bunduki, na bado walikufa. Basi bunduki moja chini ya kiti cha dereva itafanya nini mbele ya kundi lililojificha kichakani? Dereva atauawa kwa ajili ya bunduki hiyo hiyo, maana kwa mnyang'anyi bunduki ina thamani kuliko lori zima la mawe.

Sheria ya Silaha ya Uganda, ya mwaka 1970, haisemi kwamba bunduki ni haki ya kila raia. Inasema ni ruhusa, yenye cheti, na cheti hicho kinaweza kufutwa. Sisi tunakubaliana nayo. Bunduki ya mtu mmoja inatia hofu kijiji kizima, kwa hiyo kijiji kizima kina neno juu yake.

Lakini tusifanane na wale wanaokaa Kampala na kusema, "Wapokonyeni wote," kisha wakalala salama. Mchungaji wa Karamoja hakushika bunduki kwa kiburi tu. Mwaka 1979, Idi Amin alipoanguka, askari wake waliiacha kambi ya Moroto, na silaha zake zikachukuliwa na wananchi wa karibu. Waliozipata wakawavamia wasiozipata. Wizi wa mifugo ukaungana na ukame, na njaa ya mwaka 1980 ikaua maelfu ya watu. Tangu siku hizo mchungaji alijifunza kwamba asiye na bunduki hana ng'ombe, na asiye na ng'ombe hana chakula cha watoto.

Desemba 2001 serikali ilianza kukusanya silaha kwa hiari. Mtu akileta bunduki aliahidiwa plau na mabati. Zilikusanywa bunduki karibu 10,000. Kisha mwaka 2002 askari wengi wakaondolewa kwenda kupigana na waasi wa Kony. Waliotoa bunduki wakabaki uchi mbele ya majirani ambao hawakutoa, wakaibiwa, na wengi wakanunua bunduki upya. Ilipofika 2006, vijiji vilizingirwa alfajiri na silaha zikachukuliwa kwa nguvu, na raia wengi wasio na hatia waliumia.

Somo ni hili: ukimvua mtu ngao yake, mpe nyingine siku hiyo hiyo. Na ukimvua mmoja, mvue na jirani yake.

Wazee walilijua jambo hili zamani. Mwaka 1973 Wamatheniko wa upande wa Uganda na Waturkana wa upande wa Kenya walikutana Lokiriama, wakafukia silaha ardhini pamoja. Hawakufukia za upande mmoja. Ndiyo maana mapatano hayo bado yanakumbukwa.

Julai 2021 serikali ilianza operesheni nyingine, ikaiita Usalama kwa Wote. Jina ni zuri. Sisi tunaomba neno "wote" lichukuliwe kama lilivyo. Uganda na Kenya zote ziliweka sahihi Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, inayokataza raia kuwa na bunduki za kivita. Mkataba uliotiwa sahihi pamoja utekelezwe pamoja, kwa wakati mmoja, pande zote mbili za mpaka. Na bunduki za askari na za walinzi zihesabiwe pia, pamoja na risasi zake. Risasi haioti shambani. Kila moja ina ghala ilikotoka.

Kwa ndugu yetu aliyeuliza, hili ndilo jibu la chama. Hatutadai bunduki. Tutadai malori yasitembee usiku. Tutadai yaende kwa msafara, na habari za njia zitolewe kabla ya safari. Tutadai dereva anayekataa kupita penye hatari asifukuzwe kazi. Akifa mtu kazini, familia yake ilipwe kwa Sheria ya Fidia ya mwaka 2000, bila kuzungushwa maofisini. Na tutakaa na wachungaji, kwa sababu wake zao na watoto wao ndio wanaovunja mawe tunayoyabeba. Hao si adui zetu. Ni wafanyakazi wenzetu, na usalama wao na wetu ni mmoja.

Umoja ndio ulinzi wetu.